Mafunjo nyuma ya nyumba: shajara ya hodhi la kokoto, Mwanza

Shajara hii inahusu bustani ndogo ya mimea ya majimaji niliyoianzisha nyuma ya nyumba yetu, kwenye mteremko wa mawe jijini Mwanza, ili ipokee maji ya kuogea na kufulia ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakitiririka bure hadi kwenye njia ya watu. Nimechagua mimea ya jamii ya ndago, na hasa mafunjo, kwa kuwa ndiyo inayoota yenyewe kwenye ukingo wa ziwa tunaloliona kutoka barazani, na sikuona sababu ya kutafuta mbali kitu kilichokwisha kuizoea hali ya hewa ya hapa.

Kabla ya tarehe ya kwanza, neno moja kuhusu majina. Kiswahili cha kila siku hakina jina moja linaloikusanya jamii yote hii. Tuna ndago kwa lile gugu la shambani lenye viazi vyeusi, tuna mafunjo kwa ule mmea mrefu wenye kichwa cha nyuzi, na mengine yote huitwa nyasi au matete, jambo ambalo linachanganya kwa sababu matete ni ya jamii ya nyasi kweli. Njia rahisi ya kuyatofautisha ni kulishika bua na kulizungusha kati ya vidole: bua la nyasi ni mviringo, lina vifundo na aghalabu lina uwazi ndani, ilhali bua la jamii ya ndago, mara nyingi, lina pembe tatu, halina vifundo na limejaa kiini. Majani ya ndago pia hupangika katika safu tatu kulizunguka shina, si mbili kama ya nyasi. Jamii hii ina spishi zaidi ya 5,000 duniani, nami nitashughulika na tatu tu, mojawapo ikiwa imejialika yenyewe.

Tarehe 3 Agosti

Leo nimepima eneo na kufanya hesabu. Nyumbani tuko watu watano. Kwa siku saba nilihesabu ndoo za lita 20 na kupata wastani wa ndoo kumi kwa siku, yaani lita 200, bila kuyahesabu maji ya jikoni, ambayo nimeamua yasiingie humu kwa sababu ya mafuta, wala maji ya choo, ambayo yana karo lake.

Hodhi litakuwa na urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.5, litajazwa kokoto kwa kina cha sentimita 60, na maji yatakaa sentimita 10 chini ya uso wa kokoto ili mbu wasipate mahali pa kutagia. Ukuta utazidi kokoto kwa sentimita 15, kwa tahadhari. Sehemu yenye maji, kwa hiyo, ina mita 3 za ujazo, lakini kokoto zenyewe zinachukua zaidi ya nusu ya nafasi hiyo. Nilijaza ndoo ya lita 20 kwa kokoto, nikamimina maji taratibu hadi yakafika ukingoni, na zikaingia lita 8 tu. Kwa kipimo hicho hodhi zima litabeba lita 1,200 za maji, na maji yanayoingia leo yatatoka baada ya siku sita hivi. Siku sita zinatosha kwa maji ya bafuni. Kama ningepata siku tatu tu, ningelazimika kulipanua.

Niseme wazi kwamba kazi ya kusafisha haifanywi na mafunjo peke yake. Sehemu kubwa hufanywa na bakteria wanaoishi juu ya kokoto na kwenye mizizi, ambao hula uchafu ulioyeyuka. Mafunjo yanachangia kwa kuwapa makao hao bakteria, kwa kuchukua sehemu ya naitrojeni na fosforasi, na kwa kushusha hewa kidogo hadi kwenye mizizi kupitia njia za hewa zilizomo ndani ya bua. Hizo njia za hewa, kama nitakavyoeleza mbele, nilizidharau na zikanigharimu.

Tarehe 10 Agosti

Tumechimba, na kwenye sentimita 35 tumekutana na jiwe. Si jiwe la kung'olewa kwa mtaimbo, bali ni mgongo wa mwamba uleule ambao nusu ya jiji hili limejengwa juu yake. Fundi wangu hakushangaa hata kidogo. Tumekubaliana kwamba sentimita 35 ziwe chini ya ardhi na zilizobaki zijengwe kwa tofali za saruji juu yake, hivyo hodhi litaonekana kama tuta lililoinuliwa, jambo ambalo limegeuka kuwa faida, kwa kuwa kuku hawataweza kuingia kirahisi.

Sakafu imesawazishwa kwa mteremko wa sentimita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Juu ya mwamba tumetandika mifuko ya sandarusi katika tabaka tatu, kisha blanketi mbili kuukuu, kisha karatasi nene la plastiki la kutandikia mabwawa. Mwenye kufanya kazi hii mahali penye udongo mtupu anaweza kuridhika na tabaka moja. Hapa kwetu ncha moja ya jiwe inatosha kuipoteza kazi ya mwezi mzima.

Tarehe 24 Agosti

Kokoto nimenunua kwa kina mama wanaopasua mawe kwa nyundo kandokando ya barabara. Ni kokoto nzuri, za ukubwa wa kati ya sentimita 1 na 2, lakini zimekuja na vumbi lake lote, na kosa la kutoagiza zilizochekechwa ni langu. Vumbi hilo likiachwa litashuka chini, lizibe nafasi zilizo kati ya kokoto, na maji yatalazimika kupita juu kama kwenye barabara ya lami. Tumetumia siku mbili kuziosha kwa karai na chekeche, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya uji wa ulezi.

Upande wa kuingilia na upande wa kutokea nimeweka mawe makubwa zaidi, ya ukubwa wa ngumi, ili maji yatawanyike kwa upana wote kabla ya kuanza safari yake. Kabla ya hapo maji yanapita kwenye ndoo yenye wavu wa kukamata nywele na nyuzi za nguo. Bomba la kutokea limeanzia chini kabisa, na nje ya ukuta lina kile kiungo cha kona ambacho mafundi bomba hukiita elbo, kilichounganishwa bila gundi ili kiweze kuzungushwa: kipande chake kikisimamishwa wima maji ya ndani hupanda, kikilazwa hushuka. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote katika mradi huu, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Tarehe 7 Septemba

Mbegu za mafunjo ni ndogo mno, nazo zinahitaji tope lenye mwanga na uvumilivu ambao sina, kwa hiyo nimetafuta vipande vya shina tambazi, lile shina nene linalolala chini kama tangawizi na kutoa mabua juu na mizizi chini.

Sikutaka kuchimba ukingoni mwa ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na hata bila sheria, shimo katika uoto wa ukingoni ni mlango wa mmomonyoko. Bahati ni kwamba upepo wa wiki iliyopita ulisukuma kipande cha kisiwa kinachoelea hadi kwenye mwalo, na wavuvi walikuwa wakikikatakata kwa mapanga ili kufungua njia ya mitumbwi. Mafunjo hujifuma yenyewe kwa mashina tambazi hadi yakawa zulia linaloelea, na maji ya ziwa yakipanda au dhoruba ikija, vipande hukatika na kusafiri. Kwetu ni kero ya asubuhi moja. Mwezi Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilifika kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, na Uganda ikaingia gizani.

Wavuvi walinipa nilichotaka na kunicheka kidogo, maana walikuwa hawajawahi kuona mtu akiyabeba mafunjo kuyapeleka mjini kwa hiari yake. Nimepata vipande 12, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 25 hivi na machipukizi mawili au matatu.

Tahadhari moja ambayo sitaki kuipita: ukingo wa Ziwa Viktoria una kichocho, na konokono wanaokibeba hupenda kujificha kwenye mizizi na mashina ya mimea kama hii. Nilivaa mabuti ya mpira, nimeiosha mizizi yote nje ya ua mara tatu, nimewaokota konokono mmoja mmoja na kuwaponda, kisha nimeviweka vipande kwenye pipa la maji safi kwa wiki mbili ili nione kama kuna mayai yaliyobaki. Ndani ya kokoto, ambamo hakuna maji ya wazi, konokono hana maisha; lakini nina mpango wa bwawa dogo la mapambo pembeni, na huko angestawi.

Tarehe 21 Septemba

Nimepanda. Vipande vimelazwa sentimita 8 ndani ya kokoto, vikiwa vimetengana kwa zaidi ya nusu mita. Ili mmea usipoteze maji nimeyakata mabua karibu kabisa na shina, yamebaki vishina vya sentimita chache, na nimeisimamisha elbo hadi maji yakaufunika uso wa kokoto. Mwanangu amenisaidia kukata kwa upande wake, ingawa panga alilopewa lilikuwa butu na mabua yake yamebaki marefu na yenye kuchanika. Nimemwambia tutayarekebisha wiki ijayo.

Tarehe 12 Oktoba

Vipande vinane vimeoza. Nilivichomoa na kukuta shina limekuwa laini, lina rangi ya kahawia na harufu ya yai bovu. Vinne vimetoa machipukizi mapya, yaliyochongoka kama ncha ya mkuki, la juu kuliko yote likiwa na sentimita 22. Vyote vinne ni vile alivyokata mwanangu kwa panga butu.

Nilikaa na jambo hili jioni nzima, na maelezo ni haya. Shina tambazi lililo chini ya maji haliwezi kupata hewa kutoka kwenye tope wala kwenye kokoto zilizolowana. Hewa yake yote huteremka kupitia bua, hata bua lililokauka, alimradi ncha yake iko juu ya maji. Nilipokata karibu na shina na kisha kuyainua maji juu ya makato, niliziba pua zote kwa wakati mmoja, maji yakaingia kwenye njia za hewa, na mmea ukazama kama mtu anavyozama. Wakulima wanaotaka kuyaua matete hufanya hivyo kwa makusudi: huyakata chini ya maji na kuondoka. Mimi nimefanya hivyo kwa mapenzi mema.

Kwa hiyo kanuni ninayoiandika hapa kwa herufi za kalamu nzito ni kwamba bua lisikatwe kamwe chini ya sentimita 20 juu ya usawa wa maji, na kwamba mmea uliopandwa karibuni uwekewe maji yanayogusa mizizi yake tu, bila kulifunika shina, hadi utakapokuwa na mabua mapya yaliyofungua vichwa. Unyevu wa kudumu ndio unaotakiwa. Kina kirefu cha maji si sharti.

Tarehe 19 Oktoba

Nimerudi mwaloni na kupata vipande vingine vinane. Safari hii mabua yamekatwa kwa sentimita 40, na maji yako sentimita 6 chini ya uso wa kokoto. Sijamweleza mwanangu kwamba panga lake butu sasa ndilo kipimo rasmi cha mradi, ila nadhani ameshaelewa.

Tarehe 9 Novemba

Vipande vyote vinane vimeshika. Mafunjo ya kwanza yana mabua yaliyofika mita 1.1, na kichwa cha kwanza kimefunguka: mamia ya nyuzi za kijani zilizotoka mahali pamoja na kuinama pande zote. Mafunjo hayana majani ya maana. Majani yake yamebaki kama magamba ya kahawia chini ya bua, na kazi ya kutengeneza chakula kutokana na jua hufanywa na bua lenyewe pamoja na hizo nyuzi. Ndiyo maana kukata bua si sawa na kupogoa tawi.

Wakati huohuo nimeanza bwawa dogo la mapambo, ambalo kwa kweli ni beseni kubwa la saruji lenye kina cha sentimita 45, na ndani yake nimeweka nduguye mdogo wa mafunjo, Cyperus involucratus, ule unaouzwa kwenye vitalu vya maua na ambao majani yake yametandazwa juu ya bua kama mbavu za mwavuli. Huu asili yake ni Afrika pia, hauzidi mita moja na nusu kwa kawaida, na tabia yake ni ya upole zaidi. Nimeupanda kwenye vyungu vyenye udongo wa mfinyanzi uliofunikwa kwa kokoto, na ukingo wa chungu uko sawasawa na maji.

Namna ya kuuzidisha inanifurahisha kila mara. Mtu hukata kichwa pamoja na sentimita 5 za bua, hupunguza majani yake hadi nusu, kisha hukielekeza chini-juu na kukiweka kielee kwenye beseni la maji safi. Porini bua huinama lenyewe, kichwa hugusa maji na mmea mpya huanzia hapo, kwa hiyo sisi tunauharakisha tu. Nimeweka vichwa sita majini leo.

Tarehe 30 Novemba

Vichwa vyote sita vina mizizi myeupe na vichipukizi katikati, baada ya wiki tatu kamili.

Vuli imekolea. Jumatano ilinyesha usiku kucha na hodhi halikufurika, ingawa maji yaliyotoka yalikuwa mengi kuliko yanayoweza kuchujwa. Siyahesabu kuwa hasara, kwa sababu mvua huosha chumvi za sabuni zilizojikusanya kwenye kokoto.

Jirani yangu, ambaye kwa umri ni mama yangu, alinisimamisha njiani baada ya kumwamkia. "Marahaba, mwanangu," alisema, "lakini hicho kibwawa chako kitatuletea mbu." Nilimkaribisha aje aone. Kwenye hodhi la kokoto hakuna maji ya wazi, aliridhika. Lakini kwenye beseni la mapambo alinyoosha kidole, na kweli viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikicheza kati ya vyungu. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Kesho yake nilileta sato wadogo wanne, na hadi leo sijaona kiluwiluwi hata kimoja.

Tarehe 4 Januari

Mafunjo yamekuwa ya njano kuanzia mabua ya zamani, na machipukizi mapya ni membamba. Nilidhani mwanzoni ni ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na ni kweli kwamba tangu sikukuu maji yake yaliingia humu mara mbili kwa kutojua. Sasa yana ndoo yake na yanamwagwa kwingine. Lakini ncha zilizoungua kwa dawa huonekana kwa ghafla na kwa pande zote, ilhali njano hii imeanza chini na kupanda polepole, na hiyo ni dalili ya njaa ya naitrojeni. Maji ya kuogea yana sabuni nyingi na lishe ndogo. Naitrojeni iliyo nyingi katika majitaka ya nyumbani hutoka chooni, nami nimeizuia isifike hapa.

Nimefunga samadi ya mbuzi iliyoiva kwenye mfuko wa sandarusi na kuiloweka kwenye ndoo, na kila Jumamosi nitamwaga lita 5 za maji yake, yaliyochanganywa na lita 15 za maji matupu, kwenye upande wa kuingilia. Inachekesha kidogo kuweka mbolea kwenye chombo cha kusafishia maji. Hata hivyo mmea ulio dhaifu hausafishi kitu, na kinachotoka huku mwisho kinaishia kwenye migomba mitatu ambayo haitalalamika.

Tarehe 25 Januari

Njano imekoma. Mabua mapya yana unene wa kidole gumba. Nimepunguza dozi iwe mara moja kila wiki mbili.

Tarehe 11 Februari

Maji ya bomba yalikatika mtaani kwa siku tatu, tukawa tunaoga kwa kopo na hatukufua. Nikaona hii ni nafasi ya kupima kile ambacho nilikuwa nakikisia tu. Niliziba mahali pa kuingilia, nikasimika mti wa kupimia ndani ya bomba lenye matundu lililo katikati ya hodhi, na kila saa kumi na mbili asubuhi nikasoma.

Maji yalishuka kwa sentimita 7.5 katika siku tatu, yaani sentimita 2.5 kwa siku. Hapa pana mtego wa hesabu: sentimita 2.5 ndani ya kokoto si sentimita 2.5 za maji, kwa kuwa asilimia 40 tu ya nafasi ile ndiyo maji. Ni milimita 10, na kwa eneo la mita 6 za mraba hiyo ni lita 60. Katika lita 200 tunazoingiza kila siku, basi, lita 60 hupanda angani kupitia mafunjo na lita 140 hufika kwenye migomba.

Hesabu hiyo imenipa jibu la swali jingine. Kama tungesafiri na kufunga nyumba, sentimita 50 za maji zingekwisha kwa siku 20, na kabla ya hapo mizizi ya juu ingekuwa imeshateseka. Sikukuu ijayo tukienda kijijini, nitamlipa kijana wa jirani amimine ndoo tatu kila jioni.

Tarehe 15 Machi

Ndago imeingia. Haikuingia kwenye hodhi bali kuzunguka migomba, nayo ilikuja na tripu ya udongo mweusi niliyoinunua mwezi uliopita bila kuukagua. Niliiona kama majani ya kijani yanayong'aa, nikaing'oa kwa mkono, na baada ya siku kumi ikarudi maradufu.

Kila mkulima anaijua ndago, lakini si kila mmoja ameifukua akaona ilivyopangwa. Chini ya ardhi viazi vyake vimeungana kwa nyuzi kama shanga, na kile kiazi cha juu, wakati kikiwa hai, huvizuia vingine visichipue. Mtu anapong'oa jani, uzi hukatika, kizuizi huondoka, na kila kiazi huamka kwa nafsi yake. Kwa hiyo kuing'oa ndago kwa haraka ni kuipanda.

Nimeamua kufanya mambo mawili. La kwanza ni kufukua kwa uma wa shamba hadi sentimita 30, kuuchekecha udongo na kuviokota viazi, kisha kuvianika juu ya bati hadi vikauke kabisa. La pili ni kivuli, kwa sababu ndago haivumilii kukosa jua, na mabua ya mafunjo nitakayoyavuna mwezi ujao yatatandazwa kuzunguka migomba kwa unene wa sentimita 15. Ninaona haki fulani katika kumtumia ndugu mmoja kumfunika mwingine.

Tarehe 26 Aprili

Mavuno ya kwanza. Mabua yote yalikuwa 96, na refu kuliko yote lina mita 2.9. Nimekata 32, yale tu ambayo vichwa vyake vimeanza kukauka, tena si mahali pamoja bali kwa kuruka, na kila kato liko sentimita 25 juu ya kokoto. Kuyakata yote kwa mara moja kungeumaliza mmea akiba yake na kuwafukuza mnana, wale ndege wa manjano ambao tangu Februari wanakuja kuchana nyuzi za kujengea viota. Kutokukata kabisa nako ni kosa, kwa kuwa bua huishi miezi michache tu, kisha hufa na kuoza papo hapo, na lishe yote iliyokuwa imetolewa kwenye maji hurudi majini.

Mabua 28 yamekwenda kwenye migomba. Manne niliwapa watoto, kwa sababu walikuwa wameniuliza kama ni kweli kwamba Wamisri wa kale waliandika juu ya mmea huu. Tulimenya ganda la kijani, tukakipasua kiini cheupe kuwa vipande vyembamba kama utepe, tukavigonga kwa mchi na kuviloweka usiku kucha, kisha tukavipanga vikikaribiana, tabaka moja kwa urefu na jingine kwa upana, bila gundi yoyote. Viligandamizwa kati ya vitambaa chini ya mawe (mawe hatukosi) kwa siku sita, vitambaa vikibadilishwa kila asubuhi. Kilichotoka ni kijikaratasi cha rangi ya maziwa yaliyoungua, kigumu kidogo, ambacho kalamu ya wino inapita juu yake vizuri kama ikifuata mstari. Neno letu "karatasi" lenyewe limetoka kwenye Kiarabu, ambacho kilikuwa kimelipata kutoka kwa Wayunani, na kwao lilimaanisha ukurasa wa mafunjo. Binti yangu ameandika tarehe juu yake na kuubandika mlangoni mwa bafu, mahali ambapo maji yanaanzia.

Tarehe 7 Juni

Masika yamekwisha na maji yanayotoka ni maangavu, hayana povu, ingawa yana rangi hafifu ya chai inayotokana na mizizi inayooza. Harufu hakuna. Siyanywi, siyamwagi kwenye mchicha wala mboga nyingine inayoliwa mbichi au inayogusa ardhi, na sina nia ya kufanya hivyo, migomba yanaitosha. Kwenye kivuli cha matandazo nimehesabu machipukizi manne tu ya ndago, nikayafukua.

Upande wa kuingilia, ambako lishe ni nyingi, mashina tambazi yamesongamana hadi yameanza kuusukuma ukingo wa plastiki nje ya ukuta. Leo nimekata ukanda wa sentimita 30 kwa msumeno wa mbao, maana panga halikufua dafu, na nimepata vipande tisa vyenye afya. Viwili vimejaza pengo lililokuwa karibu na bomba la kutokea, na vinne nimevirudishia pipani hadi nipate kazi yake.

Vitatu amevichukua mama jirani. Alikuja mwenyewe na beseni, akaniambia kwamba maji ya bafu lake nayo yanapita njiani na kwamba amechoka kusemwa. Nimemwazima chekeche na nimemkatia mabua kwa sentimita 40. Fundi atakwenda kwake Jumamosi kuangalia kama nako kuna mwamba.